Do ya Mashine ya Baba

Wanafunzi wangu huniuliza nilianza muziki kwa kinanda gani. Nawajibu kwamba nilianza kwa mashine ya kusaga, na wakicheka nawaacha wacheke, maana sijasema uongo. Mashine yenyewe ilikuwa ya baba, pale Kasulo, wilaya ya Ngara, katika miaka ile ya wakimbizi.

Ilikaa kwenye kibanda cha mabati kando ya barabara, hatua kama hamsini kutoka kanisa la kigango chetu. Kabla ya wakimbizi ilikuwa ikiwashwa siku mbili kwa wiki, tena kwa kubembelezwa. Kisha ng'ambo ya mpaka kukachafuka, watu wakavuka kwa maelfu, na kambi ikaota pale tulipokuwa tukichunga mbuzi. Mahindi ya msaada yaliletwa yakiwa punje, ya njano na magumu, na punje huwezi kuzisongea ugali. Foleni ya akina mama wenye ndoo na viroba ikawa inaanza alfajiri mpaka jua linazama, siku sita kwa wiki.

Jumapili baba hakuiwasha kwa lolote. Aliwahi kumkatalia mwenyekiti wa kijiji aliyekuwa na msiba nyumbani na wageni wa kulisha. Na dizeli aliionea uchungu kuliko damu yake mwenyewe. Mashine ikizunguka tupu, bila mahindi, hata kwa muda wa kufungua kiroba, utamsikia huko nje: "Zima! Hiyo dizeri nimeokota?"

Aliyekuwa akipigiwa kelele hizo ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, na hasira ya kutochaguliwa niliisambaza kwa kila aliyenisogelea. Kazi yangu ilikuwa kumwaga mahindi kwenye mdomo wa mashine. Jioni nilirudi nyumbani mweupe kuanzia nyusi hadi kucha za miguu, na mbwa wetu alinibwekea karibu mwezi mzima kabla hajanizoea.

Nilichokitaka kilikuwa muziki. Sisemi kuimba, kwa sababu kuimba kila msichana wa Kasulo aliimba. Nilitaka kusoma noti, kupiga kinanda, kusimama mbele ya kwaya na kuifanya hiyo ndiyo kazi ya maisha yangu. Nilipomwambia mama, aliniuliza kama nimewahi kumwona mtu ameshiba noti. Baba alikwenda kukaza mkanda wa mashine, akaniachia mgongo wake niuangalie.

Katika foleni ile kulikuwa na mama mmoja mwembamba, wa makamo, aliyekuja kila Jumatatu na Alhamisi na ndoo ya plastiki yenye mpini wa kamba. Wengine wakipiga soga, yeye alisimama amefumba macho, anaimba kwa kufunga midomo. Siku moja alinishika mkono nikiwa nataka kumwaga.

"Subiri kwanza, mukobwa," akasema, yaani binti. Kirundi chao na Kihangaza chetu ni ndugu, kwa hiyo hatukusumbuana. "Sikiliza ikiwa tupu. Hiyo ni do. Sasa mwaga."

Nikamwaga. Mlio ukashuka kidogo.

"Hiyo ni ti. Ukijaza sana inaanguka mpaka la. Hujawahi kusikia?"

Sikuwahi. Nilikuwa nimesikia kelele tu. Lakini tangu siku ile mashine haikuwa kelele tena, na mpaka leo siwezi kuelezea furaha niliyoipata bila kuonekana nimechanganyikiwa. Niliona kama mtu amenifungulia mlango uliokuwa nyumbani kwetu siku zote.

Kwao alikuwa mwalimu wa kwaya, wa kanisa kubwa, tena mwanamke. Alipovuka mpaka alibeba mtoto wa dada yake mgongoni na daftari moja la noti alilolifunga kwenye nailoni. Mimi nilimwita Mama Mwalimu. Alinifundisha palepale, kwenye benchi la kupumzishia viroba. Unga ulikuwa umelala juu ya benchi siku zote, naye aliandika kwa kidole: d, r, m, f, s, l, t. Nikisoma sawa alifuta kwa kiganja na kuandika mstari mwingine. Nikikosea hakufuta, aliniacha nao mpaka foleni yote inisikie ninavyohangaika. Wale akina mama wakawa wananicheka, kisha wakawa wananisahihisha, na mwisho nusu ya foleni ya mahindi ya msaada ilikuwa inajua kusoma solfa.

Sasa nieleze aibu ya kwaya yetu. Tulifanya mazoezi Jumatano na Jumamosi saa kumi jioni, mama akinishikia zamu kwenye mashine, na tuliimba vizuri kweli. Wapita njia walisimamisha baiskeli. Jumapili kwenye misa, kwaya ileile, nyimbo zilezile, tulianza pamoja na kumaliza kila mtu kwa njia yake. Besi walizama mpaka wakabaki wanapumua. Sauti ya kwanza tulipaa, tukashuka, tukapaa tena. Padri alipokuja kutusomea misa alikuwa akiangalia dari.

Mwalimu wa kwaya, ambaye siku za kazi alifundisha hesabu shuleni, aliamini kila jambo lina sababu, akaanza kuitafuta. Kwanza ilikuwa dhambi: alitupeleka wote kuungama, mstari mmoja, kama watoto wa chanjo. Tukaimba vibaya tukiwa safi. Kisha ikawa rubisi, akawanusa wanaume midomo mlangoni mwa kanisa. Kisha ikawa koo. Aliagiza kila mwimbaji ameze yai bichi Jumapili asubuhi kabla ya kuja. Tulimeza. Kuku wa Kasulo walitaabika bure, na sauti zilibaki vilevile, ila sasa zilikuwa na harufu.

Wakati tunameza mayai ndipo tangazo likaja kutoka parokiani. Kungekuwa na mashindano ya kwaya Biharamulo, na baada yake padri wa jimbo, fundi wa kinanda, angechagua kijana mmoja tu kutoka kwaya zote: mmoja anayesoma noti na kushika sauti bila ala. Huyo angepelekwa kusomea muziki miaka miwili ng'ambo ya ziwa, kwa gharama ya jimbo. Misa ilipokwisha nilimfuata mwalimu.

"Shikamoo, mwalimu. Mimi nasoma noti."

"Marahaba. Noti umesomea wapi?"

"Mashineni."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayetazama jibu la hesabu lililokosewa tangu mstari wa kwanza. Akasema kigango chetu hakina mtu wa kupeleka, na kwamba tukiweza kumaliza nyimbo mbili bila kuzomewa tutamshukuru Mungu.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa mazoezini, katikati ya wimbo wa matoleo, tunaimba vizuri kama kawaida ya Jumamosi. Ghafla dizeli ikaisha kule kwa baba. Mashine ikalalama kidogo, ikanyamaza. Hakuna aliyejali ila mimi. Sisi tukaendelea, na kabla ya ubeti wa tatu besi walikuwa wameshaanza kuzama. Ilikuwa sauti ileile ya Jumapili, uozo uleule, na siku ile hakuna aliyekuwa amekunywa wala kutenda dhambi kati ya ubeti wa pili na wa tatu.

Miaka yote hiyo tulikuwa tukichukua do kwa mashine ya baba bila kujua, tukaiegemea kama mzee anavyoegemea fimbo. Jumapili baba anapumzisha fimbo, nasi tunaanguka.

"Mwalimu," nikasema mbele ya wote, "ni mashine. Mashine ikilia tunaimba. Ikizimwa tunapotea."

Kanisa zima lilicheka. Mwalimu hakucheka, alikasirika. "Unataka kutuambia kwaya ya Bwana inaongozwa na dizeli?"

"Ndiyo," nikasema. Jibu hilo lilinitoa nje ya mazoezi siku ile, na nilikwenda nikipiga mlango nyuma yangu, jambo ambalo niliungama baadaye lakini sikulijutia.

Mama Mwalimu aliposikia alicheka mpaka akakaa juu ya kiroba cha mtu. Alipomaliza kucheka akawa mkali. "Umejua ugonjwa. Sasa ibebe hiyo do. Uibebe mwilini, mashine ikiwa imezimwa. Ukiamka asubuhi, kabla hujasema neno lolote kwa mtu yeyote, itafute, uimbe. Kisha nenda mashineni ukapime."

Nikafanya hivyo. Tatizo ni kwamba kwetu mtoto akiamka husalimia kwanza. Mama alinikuta uani nimesimama kama mgonjwa, nimeshika kifua, natoa mlio mmoja mrefu, nami sikumwamkia. Siku ya kwanza alidhani nimepagawa. Siku ya pili alisema kama nimeona siku hizi yeye si wa kusalimiwa basi nitajipikia. Nilimwamkia baada ya do, kila siku, na kila siku alinijibu "marahaba" ya kununa. Kisha nilikimbilia kibandani, baba akazungusha mtaimbo wa kuwashia, mashine ikanguruma, nami nikasikia nimekosea kiasi gani. Wiki za kwanza nilikuwa juu sana. Kisha juu kidogo. Kisha asubuhi moja ya ukungu mashine ikawaka na sauti yake ikaingia ndani ya yangu, sikuweza kuzitenganisha. Nililia pale mbele ya foleni. Baba akauliza kama unga umeniingia machoni.

Siku ya mashindano tulipanda lori la mfanyabiashara, sare zetu za kitenge zimekunjwa magotini zisipate vumbi. Mama Mwalimu hakuruhusiwa kwenda mbali na kambi, hivyo alinipungia tu pale njia panda. Njiani, pale Nyakahura, tulishuka kununua ndizi mbivu, na mwalimu akasimama sokoni anatukumbusha mayai. Tulipofika Biharamulo kanisa lilikuwa limejaa mpaka madirishani. Kwaya za mjini zilikuja na viatu vinavyofanana. Mbele, nyuma ya meza, alikaa yule padri wa jimbo na penseli yake.

Tukaitwa. Nilitega sikio, nikasikia nilichokiogopa: kimya. Hapakuwa na mashine yoyote karibu. Mwalimu alitoa sauti ya kuanzia, na aliitoa juu mno. Wimbo wa kwanza sitausimulia. Kuna mtoto dirishani aliziba masikio, na simlaumu.

Tulipomaliza, watu walipiga makofi yale ya kuwafariji wafiwa. Mwalimu alitugeukia uso ukiwa umemwagika jasho, na niliona hana la kufanya. Wimbo ulibaki mmoja. Nikafikiria miaka miwili ng'ambo ya ziwa, nikafikiria viroba vinavyonisubiri Jumatatu na Jumatatu zote zijazo, na hasira yangu ya siku zote ikanijia, safari hii ikiwa na faida. Niligeuka nyuma. Wazee wawili wa besi, wateja wa baba, walikuwa wamesimama palepale.

"Baba," nikamnong'oneza mmoja, "nguruma kama mashine."

"Mashine gani?"

"Ya kwetu! Ikiwa tupu. Nguruma, usiache mpaka mwisho."

Nikaitafuta do kifuani, pale nilipoizoea, kabla ya salamu. Ilikuwepo. Nikaiimba kwa kufunga midomo. Wale wazee wakanitazama, kisha nikaona wameitambua, maana hakuna mtu wa Kasulo asiyeijua sauti ile. Tumeisubiria ugali maisha yetu yote. Wakaishika. Mngurumo mzito, usiotikisika, ukatoka nyuma yetu na kujaa kanisani. Nilihisi mstari mzima wa sauti ya kwanza unashusha mabega.

Mwalimu alisikia. Alisimama na mkono hewani, akanitazama. Kisha akafanya jambo ambalo nitamheshimu nalo mpaka kufa kwangu. Alisogea pembeni hatua moja na kusema, "Toa."

Nikatoa sauti zote nne. Tukaimba ule wimbo wa matoleo kama Jumamosi, kama jioni ya saa kumi na mashine inasaga na baiskeli zinasimama. Ubeti wa tatu hatukushuka hata unywele. Watu walisimama kabla hatujamaliza. Yule mtoto wa dirishani alikuwa ameingia nusu mwili ndani. Mimi nilikuwa naimba na kulia na kucheka, vyote kwa pamoja, na sikuona haya.

Ushindi walichukua watu wa mjini, wa viatu. Wimbo wetu wa kwanza ulikuwa umetuharibia, na ni haki yao. Lakini padri aliinuka na penseli yake. Alisema katika maisha yake hajasikia kwaya ya kijijini ikiweka mngurumo mmoja chini ya wimbo mzima, na akamuuliza mwalimu wetu mpangilio ule umetoka wapi.

"Ni desturi ya Kasulo," mwalimu akajibu bila kupepesa macho.

"Na nani alitoa sauti?"

Angeweza kusema ni yeye. Hapakuwa na mtu wa kumbishia, hata mimi nisingethubutu. Akanyoosha kidole. "Huyu binti. Na noti anasoma."

Padri alichukua chaki akaandika mstari mrefu wa noti, wenye miruko mibaya, kwenye ubao uliokuwa pembeni. Nilitazama ule mstari nikaona benchi, unga na kidole cha Mama Mwalimu. Nikauimba mara moja, mpaka mwisho. Akaandika mwingine, nikauimba. Akafuta ubao kwa mkono wa kanzu yake na kuuliza jina langu, na mwalimu wa hesabu akalitaja kabla sijafungua mdomo.

Jumatatu Mama Mwalimu alikuja na ndoo yake. Hakuniuliza kama nimepata. Aliniamuru niimbe vile tulivyoimba, sauti zote, moja baada ya nyingine, na akapata makosa mawili. Kisha akaniambia "Imana ishimwe", Mungu asifiwe, akafunika uso kwa kitenge, akakaa hivyo mpaka zamu yake ya kusaga ikapita na mwenzake akamsagia. Alhamisi alinipa karatasi nne alizozichana katikati ya daftari lake. Nilikataa. Alinitazama kwa jicho la benchi, nikazipokea kwa mikono miwili.

Aliyebaki ni baba. Nilimpa barua ya padri, akaisoma, akaikunja, akaiweka juu ya ubao wa spana. "Nani atamwaga mahindi?" aliuliza, na hapo ndipo mazungumzo yakaishia. Hakukataa wala hakukubali. Mama ndiye alinifungia begi, ananuna kwa upande mmoja na kunikunjia nguo vizuri kwa upande mwingine. Gari la parokia lilipangwa kuondoka Jumapili asubuhi. Siku hiyo nilipoamka kuitafuta do yangu, kitanda cha baba kilikuwa kitupu. Alikuwa ameondoka bila kuniaga. Nilimwamkia mama, nikapanda gari nyuma na katekista, nimekaza taya nisilie mbele za watu. Nilimwambia baba moyoni kila neno baya ninalolijua.

Tulipokaribia madukani nikaisikia.

"Leo baba yako anasaga Jumapili?" katekista akashangaa.

"Hasagi," nikasema.

Nilijua kwa sauti. Mashine ilikuwa tupu, punje moja haikuwemo, inalia do iliyonyooka. Baba alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda amevaa shati lake la kanisani, mikono nyuma, anaunguza dizeli bure. Hakupunga. Nilisimama kwenye gari linalokwenda nikaiitikia ile do kwa nguvu zangu zote, midomo wazi, mpaka watu wakatoka kwenye milango ya maduka. Hakuizima mpaka tulipomaliza mlima.